Kupaka rangi kwa ndani printi za rezini angavu zenye mvungu (uzi wa mafundi wa 3D)

Ngalawa_Tanga (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mtu anapoleta picha ya printi ya rezini (yale majimaji ya printa yanayogandishwa kwa mwanga) inayopitisha nuru na ndani yake kuna rangi, swali ni lilelile: rangi imeingiaje humo? Majibu huwa ya mstari mmoja, "mimina wino, zungusha, mwaga", na aliyeuliza anaondoka mikono mitupu. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa kina. Kazi hii ikienda sawa, ni katika vitu vizuri kabisa vinavyoweza kutoka kwenye printa ya mezani, na mengi yanayoiharibu yanazuilika.

Mfano wangu utakuwa konyeza, yule mnyama laini wa baharini. Watu wa pwani tunamfahamu: mwavuli wake unapitisha nuru, na rangi inaonekana imekaa ndani ya mwili, si juu yake. Huwezi kumpaka rangi kwa nje akabaki konyeza. Ukipaka nje, jicho linagota kwenye rangi na safari inaishia hapo; ungeweza kuprinti kwa rezini ya kijivu ukapata kitu hichohicho. Ukipaka ndani, jicho linapita kwanza kwenye ukuta wa rezini ndipo likutane na rangi, na kina kinaonekana. Tena vidole havifiki kuichubua.

Sasa, kabla hujanunua hata kichupa kimoja cha rangi, amua nuru itatoka wapi. Hili ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi. Kama utaweka taa ndani, nuru inapita kwenye rangi mara moja tu ikija kwenye jicho lako. Kama umbo litakaa kwenye rafu likiangazwa kwa nje, nuru inaingia, inapita kwenye rangi, inagonga kilichoko nyuma yake, kisha inarudi kupitia rangi ileile. Mara mbili. Kwa hiyo rangi moja, ya tabaka moja, itakolea rafuni na itapauka ukiwasha taa ndani. Na kama nyuma ya rangi hakuna kitu cheupe cha kuirudisha nuru, umbo la rafuni litabaki na giza hata kama rangi yenyewe ni kali. Wengi wakifika hapo huongeza rangi, na giza linazidi. Dawa ni kupunguza rangi na kuweka weupe mwembamba nyuma yake. Umbo la taa halitaki weupe huo kabisa.

Baada ya hapo njoo kwenye faili. Ukuta wa milimita 2 hadi 2.5 unatosha kwa umbo la ukubwa wa ngumi, na uwe na unene mmoja pande zote, maana taa ikiwaka kila palipo na unene wa ziada panajionyesha. Programu nyingi za kukata tabaka zinapotoboa mvungu hukuwekea viunzi ndani ili kuimarisha. Vizime. Kwenye rezini angavu vinaonekana vyote, na rangi inakwama kwenye kila kona yake. Matundu yawe mawili angalau, ya milimita 4 hivi: moja la kutolea rezini, jingine la kuingizia hewa, na mojawapo liwe karibu na sahani ya printa. Mvungu usio na pa kupumulia unainyonya ile filamu angavu iliyo chini ya bakuli la rezini kila sahani inaponyanyuka, na hapo printi inachanika au inatoka na mistari. Konyeza ni rahisi, mwavuli wake uko wazi kwa chini. Shughuli ipo kwa samaki, joka, au kitu chochote kilichofunga.

Kuosha. Vuta isopropili (spiriti ya kuoshea printi) kwa bomba la sindano, isukume ndani kwa nguvu, tikisa, mwaga, rudia kwa isopropili safi. Dakika chache zinatosha. Usiloweke usiku kucha, rezini inavimba na baadaye inatoa nyufa. Halafu acha ikauke kabisa. Mulika kwa tochi: palipo na mng'ao wa majimaji ndani bado pana rezini mbichi.

Ikishakauka itaonekana imefubaa, kama ina ukungu. Usikate tamaa, huo ni mparuzo mdogomdogo wa tabaka na pikseli unaotawanya mwanga. Ilowanishe kwa maji uone. Rezini iliyokauka inapinda mwanga kwa kipimo cha 1.5 hivi, hewa 1, maji 1.33, maji yakijaza ile mikwaruzo ukungu unapungua, na vanishi au rezini ikiijaza unakaribia kuisha. Ndiyo maana kupaka ndani kunakupa faida mbili kwa mpigo: tabaka la rangi likiwa la ute angavu, linalainisha ukuta wa ndani ambao msasa wako hauwezi kuufikia.

Mchanganyiko ninaoupenda ni rezini angavu ileile uliyoprintia, pamoja na wino wa spiriti. Tone moja moja, jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki, kwa sababu wino ukizidi unazuia mwanga na rezini haikauki. Usichanganye rangi ya maji kwenye rezini, inaganda mabonge. Mimina kiasi, zungusha polepole kila upande ukiwa umemulika, mwaga kilichobaki, na uendelee kugeuzageuza ili kisituame sehemu moja. Kikatae kishawishi cha tabaka moja nene. Mbili au tatu nyembamba zinatoa rangi isiyo na madoa.

Nitaongeza mengine kadiri maswali yanavyokuja. Karibuni.

---

MkobaWaFundi

Napiga kambi hapa. Mkuu, nina swali la moja kwa moja. Nilimtengenezea mteja samaki wa rezini, nikampaka ndani rangi ya bluu, nikaziba matundu, akapendeza mno. Baada ya wiki kadhaa mteja akaniletea: samaki amepasuka mgongoni na ananata, kama anavuja mafuta. Rangi ndiyo imekula rezini?

---

Ngalawa_Tanga

Pole mkuu. Kwa maelezo hayo, rangi haina kosa. Hayo "mafuta" ni rezini mbichi iliyobaki ndani kabla hujaziba. Ikifungiwa inaendelea kuusumbua ukuta taratibu, ukuta unavimba kwa ndani huku nje umeshakakamaa, na mwisho unapasuka. Usiiguse kwa mikono mitupu. Rezini mbichi inaweza kukuletea mzio wa ngozi, na ukishaupata huwa haukuachi.

Kinachokosekana kwa watu wengi ni kukausha kwa mwanga kule ndani. Boksi la UV (mwanga wa urujuanimno unaokakamaza rezini) linamulika nje, na kwenye kona za ndani mwanga unafika kidogo. Tafuta kijitaa cha LED cha UV cha nanomita 405, kile cha milimita 3. Kinapita kwenye tundu la milimita 4. Ukikiunga kwenye chaja ya simu ya volti 5, weka rezista ya omu 100 ili kisiungue. Kiingize, kisogezesogeze, na usikitazame kwa macho. La muhimu kuliko yote: hakikisha hakuna mvuke wa isopropili humo ndani kabla ya kuingiza chochote chenye umeme. Mvuke huo unawaka.

Mpangilio ni huu: osha, kausha kwa hewa, kausha kwa mwanga ndani na nje, ndipo rangi. Kuziba matundu ni siku nyingine kabisa.

---

KijanaWaRC_Nairobi

Wakubwa, mimi natoka upande wa magari ya rimoti na naona mnazungumza lugha yetu. Bodi za yale magari ni za polikaboneti angavu na zote hupakwa rangi kwa ndani, sababu ni ileile: gari likibingirika kwenye changarawe, inayokwaruzika ni plastiki ya nje, rangi inabaki salama.

Kitu tunachofundishwa siku ya kwanza ni kwamba mpangilio wa rangi unageuka. Ukipaka nje, unaanza na rangi ya msingi, kisha vivuli, mwisho madoido madogo. Ukipaka ndani, tabaka la kwanza ndilo litakaloonekana mbele milele. Kwa hiyo anza na madoido, mistari, macho, madoa. Kisha rangi za giza. Kisha za mwanga. Mwisho kabisa weupe au fedha ya kuegemezea. Ukipaka njano kwanza halafu nyeusi nyuma yake bila weupe katikati, ile njano inachafuka yote.

Kwa konyeza wa Ngalawa, ile mishipa ya zambarau ichorwe kwanza kwa brashi nyembamba, ikauke, ndipo umimine ile rangi nyepesi ya mwili. Ukimimina kwanza umeshapoteza nafasi ya kuchora.

Tahadhari moja: rangi za kupuliza za bodi za magari haya zimetengenezwa kung'ata polikaboneti. Kwenye rezini sizishauri. Tamiya wana akriliki zao angavu zinazofaa zaidi: X-23 bluu, X-24 njano, X-25 kijani, X-26 chungwa, X-27 nyekundu. Zimue kwa thina yao ya X-20A au kwa isopropili kidogo.

---

Ngalawa_Tanga

KijanaWaRC, shukrani sana, hili la kugeuza mpangilio lilistahili kuwa kwenye posti ya kwanza. Na wala si jambo la leo. Wachina wamekuwa wakichora ndani ya vichupa vya ugoro tangu enzi za nasaba ya Qing, kwa brashi yenye ncha iliyopinda inayopita kwenye mdomo mwembamba wa chupa. Huparuza kwanza ukuta wa ndani ili rangi ishike. Kwetu sisi ule mparuzo wa printi tayari upo, kwa hiyo mchoro wa kwanza unashika vizuri bila kazi ya ziada. Brashi ya kupinda unajitengenezea mwenyewe: chukua brashi namba 0, kata mpini, funga nywele zake kwenye waya uliokunjwa.

---

binti_Makadara

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Mombasa. Wino wa spiriti huku naupata kwa shida na bei yake si mchezo, na hizo Tamiya ni za kuagiza. Je, naweza kutumia rangi za akriliki za maji, zile za wanafunzi wa sanaa? Nilijaribu kwenye kipande, siku ya pili bado ndani kulikuwa kubichi.

---

Ngalawa_Tanga

Wa aleikum salaam dada. Inawezekana, ila chagua wino wa akriliki au rangi iliyoandikwa kuwa ni angavu. Rangi ya kawaida ya wanafunzi imejaa unga mweupe wa kufunika, utapata ukuta uliozibwa na nuru haitapita. Ichanganye na gundi angavu ya akriliki yenye kung'aa, ile wachoraji wanayoitumia kulainishia rangi. Maji peke yake yanaifanya itengane na kuacha michirizi.

Ubichi ulioukuta ni tatizo la hewa. Ndani ya mvungu hakuna mzunguko, na hewa yetu ya pwani tayari imebeba unyevu. Chukua pampu ndogo ya hewa ya matangi ya samaki, ingiza mpira wake kwenye tundu moja, na tundu la pili liache wazi. Upepo wa polepole kwa saa kadhaa unafanya kazi ambayo siku nzima ya kusubiri haiifanyi. Usitumie kikausha nywele chenye moto, joto linapinda kuta nyembamba.

Na kwa anayetumia vanishi au rangi za thina na spiriti huku pwani: wakati wa masika kuna hatari ya kufanya weupe. Thina inapokimbia haraka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua pale, na rangi angavu inageuka maziwa. Fanya kazi mchana penye jua kavu, au ngoja siku nyingine.

---

dada_wa_Erfurt

Habari za huko nyumbani. Niko Ujerumani, jimbo la Thuringia, na kusini mwa jimbo hili kuna mji mdogo wa Lauscha ambako vioo vya kupamba miti ya Krismasi hupulizwa tangu karne ya 19. Ile mipira inayong'aa kama kioo cha kujitazamia haijapakwa fedha kwa nje. Fundi anamimina ndani maji ya naitreti ya fedha yaliyochanganywa na kemikali ya kuyageuza, anautikisa mpira ndani ya maji ya moto, na fedha inajishika yenyewe kwenye ukuta wa ndani. Baadaye rangi angavu huchovywa kwa nje. Kwa hiyo nuru inapita kwenye rangi, inagonga fedha, inarudi. Ndiyo hiyo mara mbili ya kaka Ngalawa, na ndiyo sababu nyekundu yao inakolea vile huku bado inawaka.

Naileta hapa kwa sababu kwenye printi tunaweza kufanya hivyohivyo bila kemikali kali: rangi angavu kwanza ndani, kisha nyuma yake rangi ya fedha ya kawaida ya akriliki badala ya nyeupe. Kwa samaki na mende inapendeza kuliko nyeupe. Kwa konyeza hapana, atapoteza ulaini wake.

---

Simba_wa_Mezani

Kwa nini mnahangaika na matabaka? Mimi najaza mvungu wote rezini ya UV yenye rangi, naweka juani, basi.

---

Ngalawa_Tanga

Mkuu, hapa sikubaliani na wewe, na nitaeleza. Mwanga wa UV unapungua kadiri unavyoingia ndani, na rangi uliyotia inaumeza zaidi. Milimita chache za pembeni zitakakamaa na katikati patabaki majimaji, tukirudi kwenye samaki wa MkobaWaFundi. Kinachokakamaa nacho kinasinyaa na kuvuta ukuta, na joto linapanda ghafla. Umbo dogo la ukubwa wa ncha ya kidole linaweza kuvumilia. La ukubwa wa ngumi sikushauri.

Ukitaka kujaza, tumia epoksi ya sehemu mbili, inayokauka polepole. Hiyo haihitaji mwanga. Lakini nayo inatoa joto, na kwenye hali ya hewa yetu inawahi kushika kuliko muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa hiyo mimina kidogokidogo na kila mmimino upoe kabla ya unaofuata. Faida yake ni kwamba epoksi inapinda mwanga karibu sawa na rezini, hivyo ukuta wa ndani unapotea kabisa na umbo linaonekana gumu zima. Kwa vichupa vya dawa za kichawi na ute wa michezo ya mezani ni nzuri mno. Kwa kitu cha kuning'iniza ni mzigo.

---

Simba_wa_Mezani

Nimekuelewa mkuu. Yangu ni madogo kweli, ya sentimita moja moja. Na kuhusu jua: bluu yangu inageuka kijani kila mara. Wino mbovu?

---

Ngalawa_Tanga

Hapana, rezini yenyewe imekuwa njano. Rezini angavu ikipigwa UV kupita kiasi inageuka manjano, na jua letu la karibu na ikweta linafanya hivyo upesi. Njano mbele ya bluu ni kijani. Mbele ya waridi inakuwa kama rangi ya embe bivu. Punguza muda, kausha ndani ya bakuli la kioo lenye maji, geuza mara kwa mara, toa mara tu uso unapoacha kunata. Maji yanasaidia kwa sababu oksijeni ya hewani ndiyo inayofanya uso ubaki na ule unato, na watu wanaongeza muda wa mwanga kuufukuza.

Hili linahusu tabaka la rangi la ndani pia. Lipige mwanga kidogo kwanza lishike, kisha jaza mvungu maji na umalizie. Unato unaisha bila kuichoma rezini. Kama umbo tayari limeingia unjano, lipake kahawia ya asali, kijani au chungwa, rangi hizo zinaupokea vizuri.

---

MkobaWaFundi

Na kudumu? Nimesikia wino wa spiriti unapotea.

---

KijanaWaRC_Nairobi

Unapotea juani, ndiyo. Wino wa spiriti ni rangi iliyoyeyuka, na nyingi za aina hiyo huvunjwa na mwanga. Rangi za unga laini zinadumu zaidi ila nyingi zinaziba nuru. Kwa kitu cha dirishani mimi ningetafuta wino wa akriliki uliotengenezwa kwa unga, nikaupaka mwembamba sana. Kwa kitu cha ndani chenye taa ya LED, wino wa spiriti unatosha, LED nyeupe za kawaida hazitoi UV ya kutisha. Angalia tu rangi ya taa yenyewe: LED yenye weupe wa manjano inaua bluu na zambarau, inapendelea nyekundu na chungwa. Jaribu rangi mbele ya taa utakayoitumia.

---

binti_Makadara

Nimeweka pampu ya tangi la samaki kama nilivyoelekezwa, imekauka vizuri, Mungu awabariki. Sasa matundu nazibaje yasionekane? Na ile rezini ya rangi iliyobaki naimwaga wapi?

---

Ngalawa_Tanga

Hongera dada. Kama programu yako imetoa vile vizibo vilivyokatwa wakati wa kutoboa matundu, viprinti kwa rezini ileile na uvigundishe kwa tone la rezini na mwanga wa sekunde chache. Kama huna, bandika utepe angavu kwa nje ya tundu, tia rezini kwa ndani kwa sindano ukiwa umelaza umbo, piga mwanga, bandua utepe, kisha msasa wa 400, 800, 1500 na vanishi. Kwa umbo la taa usizibe tundu la chini, pitisha waya hapo na uache joto litoke.

Mabaki usimwage kwenye sinki wala mtaroni. Yaache juani kwenye kikopo angavu, nyembamba nyembamba, mpaka yawe magumu kabisa, ndipo uyatupe na taka ngumu. Isopropili chafu iache juani vilevile kwenye chombo cha kioo mbali na moto: rezini iliyomo itaganda, uichuje, na isopropili inayobaki inafaa kwa uoshaji wa kwanza wa printi inayofuata.